Mifuko Ishirini na Minane ya Saruji

Sajini Jamaldini wa upelelezi alikuwa na ada moja ambayo wakubwa wake hawakuipenda: mtuhumiwa akimzidi umri, alimwamkia kwanza ndipo amhoji.

"Shikamoo, Mzee Anande."

"Marahaba," mzee akajibu kutoka kwenye benchi la mahabusu. "Umeamka salama?"

"Salama. Na wewe umelalaje humu?"

"Vizuri. Kuta hizi ni nene. Aliyezijenga hakuiba saruji."

Konstebo Shomari, aliyesimama mlangoni na funguo, akageuka upande asionekane akicheka.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwezi wa Februari 1955, na Anande alikuwa na siku mbili ndani. Kwa muda wa miaka ishirini alikuwa mnyapara wa wachimbaji misingi, na Arusha nzima hapakuwa na jengo zito ambalo hakulichimbia. Mwaka uliopita alichimba msingi wa ghala jipya la kahawa pale Themi, karibu na mto, ambalo wakulima wa mlimani walijengewa na chama chao. Ghala likajaa magunia. Wiki mbili zilizopita sakafu ikapasuka: ufa mrefu ulikatiza kona ya mtoni, mtu angeweza kupitisha kidole. Bwana Vickery, msimamizi wa kontrakta, akasema kona imezama. Alipofungua daftari la stoo akakuta mifuko ishirini na minane ya saruji imetolewa kwa sahihi ya Anande, na haikuandikwa imefanya kazi gani. Hakuhitaji kufikiri sana. Nguzo za kona zimepunjwa saruji, mnyapara kaiuza, kona imekwenda chini.

Jumatatu saa tatu mzee angefikishwa mbele ya hakimu. Kwa wizi wa namna hiyo, watu walifungwa miaka miwili.

Jamaldini akaketi benchi la pili na kufungua kitabu chake.

"Saruji uliitoa wewe?"

"Niliitoa."

"Uliipeleka wapi?"

Mzee akatazama mikono yake.

"Uliiuza?"

"Andika kwamba niliitoa, na kona imezama. Zaidi ya hapo sina neno."

"Nani alikusaidia kuibeba?"

"Hakuna mtu," Anande akasema.

Jamaldini akalitazama jibu hilo lilivyokaa kwenye karatasi. Maswali mengine yote mzee aliyajibu polepole, mengine hakuyajibu kabisa. Hili alilidaka kabla halijafika chini.

*

Karani wa stoo pale Themi aliitwa Dismasi. Alikuwa mtu mwembamba aliyeyapenda madaftari yake kama mtu apendavyo ng'ombe wake, na hakutaka mgeni ayafunue kwa vidole vyenye vumbi. Alimfunulia mwenyewe.

"Hapa, Bwana Sajini. Jumamosi ya tarehe tano Juni, mifuko saba. Jumamosi iliyofuata, saba. Jumamosi nne mfululizo, saba saba. Sahihi ni hiyo."

"Ni yake kweli?"

"Aliitia mbele yangu. Nikamwuliza niandike kazi gani. Akasema, 'Acha wazi, nitakuja kujaza.' Hakuja."

"Na kwa nini kila mara saba? Kwa nini si sita, au kumi?"

Dismasi akavua miwani. Swali hilo halikuwa limempitia. "Sijui," akasema, na ilionekana kutojua kulimuuma.

Jamaldini akaomba ramani za ujenzi. Dismasi akazitandaza juu ya meza, akazikandamiza na mawe manne yaliyooshwa. Inginia Ashdown, mchoraji wake, alikuwa Moshi, na alikuwa ameandika maelezo pembeni kwa mwandiko safi. Udongo wa Themi, alisema, ni majivu ya mlima yaliyoshikana, laini kwa ghala la magunia elfu sita. Kwa hiyo alilipa jengo msingi wa namna mbili kwa pamoja. Kwanza bamba moja nene la zege chini ya ghala zima, kama sinia lililobeba nyumba. Halafu, chini ya bamba, nguzo za zege zilizoshuka ardhini futi ishirini na tano. Bamba lingebeba sehemu ya mzigo na nguzo zingebeba sehemu. Ghala likijaa, lote lingeshuka taratibu kwa inchi moja na nusu, kisha lingetulia.

"Yaani alijua litashuka?" Jamaldini akauliza.

"Alijua. Mradi lishuke lote sawasawa."

Kidole cha Jamaldini kikateremka hadi mstari wa mwisho. Kila nguzo moja, saruji mifuko saba.

Aliunakili mstari ule, akashukuru, akatoka.

Getini alikaa Lerionka, mlinzi, Mwarusha mrefu aliyevaa koti la jeshi juu ya lubega. Jamaldini akamwuliza kama aliwahi kuona saruji ikitoka.

"Mimi nalinda geti hii tangu waya haijafungwa," Lerionka akasema. "Gari inaingia, nahesabu. Gari inatoka, nahesabu. Saruji ya Anande haikutoka."

"Hata kwa mkokoteni? Hata begani?"

"Haikutoka."

"Jumamosi mchana kazi hufungwa. Ulimwona hapa Jumamosi?"

Lerionka akahamisha rungu lake kutoka goti moja hadi jingine. "Nilisikia watu wanaimba kule nyuma. Ile ya kuzungusha keekee, ile ya kutoboa ardhi."

"Watu wangapi?"

"Mimi nalinda geti," Lerionka akasema kwa upole. "Kule nyuma hapana geti."

*

Ilibaki habari ya kanisa. Mjini watu walisema Anande, mzee wa kanisa kule Sekei, ameliwekea kanisa ngazi mpya ya saruji. Alasiri ile Jamaldini akapanda baiskeli, na pale kilima kilipomshinda akaisukuma kati ya migomba.

Ngazi ilikuwepo, tena nzuri. Mtu alikuwa ameichora kwa kijiti ikiwa mbichi: Pasaka 1953. Jamaldini akachuchumaa akaisoma mara mbili. Kiwanja cha ghala kilikuwa bado nyasi tupu mwaka huo. Mfuko wa kwanza wa saruji ulifika Themi Mei ya mwaka uliofuata. Akalifuta kanisa katika kitabu chake.

Nyumba ya Anande ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mkewe, Tabitha, alikuwa shambani akipogoa kahawa.

"Hodi, Mama Bariki."

"Karibu, Bwana Sajini. Umekuja kutafuta saruji? Ingia uitazame." Akaelekeza kisu chake kwenye kuta za udongo. "Mume wangu amejengea nusu ya mji huu. Mimi kila masika nakinga maji kwa sufuria."

"Sikuja kupekua. Nimekuja kuuliza. Aliwahi kukutajia ile kona ya mtoni?"

Tabitha akafuta kisu kwenye kanga ya kazi. "Mimi ndiye niliyemtajia yeye. Pale palikuwa na chemchemi. Nilipokuwa msichana nilikaa kwa shangazi yangu Themi, tukichota maji pale. Halafu walikuja wajenzi wa barabara wakamwaga kifusi, ikafunikwa, majani yakaota. Lakini maji hayafi, Bwana Sajini. Yanajificha. Siku moja nilimpelekea chakula kazini, nikaona wamefunga kamba za kupimia juu yake. Nikamwambia, Baba Bariki, hapa ndipo nilipokuwa nikijaza mtungi."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Aliacha kula." Akakata kitawi kikavu, akakitupa. "Kahawa yangu imo humo ndani. Kahawa ya mlima mzima imo humo. Wewe unafikiri angeipunja nguzo iliyoibeba?"

"Ninachofikiri hakimu hatakisikiliza, mama. Nipe mpaka kesho."

Alipoagana naye, Tabitha alimfungia sufuria ya loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando, ampelekee mumewe kesho yake, na kipande cha ndizi choma cha kula njiani, kwa kuwa, alisema, polisi au si polisi, alionekana hajala.

*

Baba yake Jamaldini alikuwa mwashi Kondoa, na alimwachia mwanawe urithi wa kitu kimoja: mpira mrefu wenye kibomba cha kioo kila upande. Ukiujaza maji, hata ukiuzungusha nyumba nzima, maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama kimo kimoja. Siku za karibuni mkewe, Batuli, aliutumia kumwagilia mchicha.

"Nirudishie kabla ya jioni," Batuli alimwambia Jumamosi asubuhi. "Mchicha haujui mambo ya polisi."

Jamaldini aliutia maji na buluu kidogo ya kufulia ili yaonekane vizuri katika kioo. Kwenye ramani alikuwa ameona kwamba siku sakafu ilipokamilika, inginia aligongomea msumari wa shaba katika kila kona ya ukuta, yote minne kimo kimoja: futi tatu kamili juu ya jiwe la mpaka lililokuwa mbali kidogo na ghala. Jiwe lile lilikaa peke yake juu ya mwamba, halikubeba mzigo wowote. Halikuwa na sababu ya kwenda popote.

Pale Themi, Bwana Vickery akatoka ofisini kumtazama yeye na Shomari. "Sajini, unatafuta mwizi au unajenga?"

"Natafuta saruji, Bwana."

"Ndani ya mpira wa maji?"

"Bwana, wakati ule wa kuchimba, Anande alikuambia habari ya chemchemi?"

Vickery akatoa kitambaa akajifuta shingo. "Alisema kitu. Nikamwambia ramani zimekwisha kupitishwa, kazi yake ni kuchimba panapoonyeshwa. Wenyeji kila mahali wana chemchemi." Akarudi ndani.

Shomari alishika ncha moja juu ya jiwe, Jamaldini akazunguka na ncha ya pili. Kona ya barabarani: futi mbili, inchi kumi na nusu. Kona ya pili: kumi na nusu. Ya tatu: kumi na nusu. Zote zilikuwa zimeshuka inchi moja na nusu, kama ilivyoandikwa.

Wakafika kona ya mtoni, yenye ufa. Jamaldini akasubiri maji ya buluu yaache kutikisika. Akapima, akafuta kioo, akapima tena. Kisha akamwita Shomari wabadilishane nafasi, asije akawa anasoma anachokitaka.

"Soma wewe."

"Futi tatu, Sajini."

"Na inchi ngapi?"

"Hakuna inchi. Futi tatu kamili." Shomari akakuna kichwa. "Sasa hii imezama vipi?"

"Haijazama," Jamaldini akasema. "Hiyo ndiyo tabu yake. Lete majembe."

Ramani ilionyesha nguzo tano chini ya kona ile, na mbili kati yake zikiwa ukingoni mwa bamba. Wakachimba nje ya ukuta, futi nne, mpaka wakafika chini ya ukingo. Nguzo ya kwanza ikaonekana mahali pake. Ya pili ikaonekana mahali pake. Katikati yao, mahali ambapo inginia hakuchora kitu, ilisimama nguzo ya tatu, nene na laini, yenye unyevu wa chemchemi hadi magotini.

Shomari akaipiga kwa sululu. Ililia kama kengele.

"Moja hiyo hapa," Jamaldini akasema. "Tatu zimo ndani zaidi, hatutaziona. Nne mara saba ni ngapi?"

Shomari akahesabu kwa midomo. "Ishirini na minane," akasema, akaketi juu ya udongo.

*

Adhuhuri ile Jamaldini aliingia mahabusu, akamwomba Shomari abaki awe shahidi.

"Mzee, nitasema mimi, wewe unisahihishe. Mkeo alikuambia habari ya chemchemi. Ulimwambia Bwana Vickery, hakukusikiliza. Kwa hiyo kwa Jumamosi nne, yeye akiwa klabu, ukachimba nguzo nne za ziada. Saruji yote iko chini ya ghala la wenyewe. Hukuiba hata kiganja."

Anande hakuinua kichwa. "Ina faida gani sasa? Nilijitia ujuzi kuliko inginia, na kona imezama vilevile. Niache nifungwe kwa wizi. Wizi watu huusahau."

"Kona haijazama."

"Usinidanganye, mwanangu. Ufa niliuona kwa macho yangu."

"Nimepima kutoka kwenye jiwe la mpaka. Shomari amepima baada yangu."

Mzee akaangalia Shomari, Shomari akatikisa kichwa kukubali.

"Misumari mingine mitatu imeshuka kiasi gani?"

"Inchi moja na nusu, yote."

"Kama alivyoandika inginia."

"Kama alivyoandika."

"Na wa kwangu?"

"Haujashuka hata unene wa kucha."

Anande akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Shomari akapiga hatua mbele akidhani mzee analia. Alikuwa akicheka, kicheko cha chini chini, cha mtu aliyeletewa habari za mtoto aliyemdhania amepotea. Kisha kicheko kikakatika. Akateremsha mikono, na Jamaldini akaona amekwisha kuelewa, bila kuambiwa.

"Basi ni mimi niliyelipasua," Anande akasema.

"Nieleze, nipate kuandika."

"Lilitakiwa lishuke lote. Mimi nikaishika kona moja nikaikatalia. Ni kama watu wanane wamebeba boriti wakiteremka mlima. Wakiinama pamoja, boriti ni salama. Mmoja akikataa kuinama, inavunjika begani pake."

"Watu wanane," Jamaldini akarudia.

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja.

"Ni mfano tu," Anande akasema.

"Keekee ya futi ishirini na tano inahitaji watu wangapi kuizungusha?"

"Nimekwisha kukuambia, Bwana Sajini. Hakuna mtu." Sasa mzee alimtazama usoni, na sauti yake haikuwa ya ukaidi tena, ilikuwa ya kuomba. "Wengine wana watoto wadogo. Sikuwalipa hata senti, na hawakuniuliza. Niliwaambia tu kuna maji chini ya kahawa ya mama zao. Wakiandikwa, hakuna kontrakta atakayewachukua tena."

Jamaldini akafunga kitabu, akafungua ile sufuria ya loshoro, akamsogezea.

"Kula. Nikirudi bila sufuria ya mkeo, kesi itakuwa yangu."

*

Jamaldini alimpigia simu Inginia Ashdown, naye akafika Jumapili kwa gari kutoka Moshi. Hakuuamini mpira wa maji mpaka alipoushika mwenyewe, naye akauzungusha ghala zima mara mbili, suruali ikilowa buluu. Halafu aliingia ndani ya shimo akaitazama ile nguzo kwa muda mrefu. Aliomba kumwona mnyapara. Inspekta Colby, mkuu wa kituo, akaruhusu, nao wakazungumza mahabusu saa nzima, wakichora kwa mkaa sakafuni. Jamaldini alisikia neno moja tu alipopita.

"Mbili zingetosha," inginia alikuwa akisema.

"Hukuyaona hayo maji," Anande alikuwa akijibu.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Inspekta Colby alisoma taarifa ya Jamaldini ukurasa kwa ukurasa. Saruji imeonekana ndani ya jengo la mwenye mali, wizi haupo. Ghala halihitaji kubomolewa. Inginia ameagiza sakafu ikatwe kwa unyofu kufuata ufa, kona isimame peke yake na sehemu nyingine ipumue kwa nafasi yake, na mwanya ufunikwe kwa bati nene kabla ya masika. Kazi hiyo anaitaka isimamiwe na Anande, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kilichomo chini. Bwana Vickery amepinga, inginia ameshikilia.

"Mtu mmoja hawezi kuzungusha keekee hiyo," Inspekta akasema.

"Hawezi, Bwana."

"Wengine ni nani?"

"Mshitakiwa anasema hapakuwa na mtu."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi huandika anachosema mshitakiwa, Bwana. Ndivyo tulivyofundishwa."

Inspekta akazungusha kalamu yake vidoleni. Kisha akatia sahihi, akakausha wino, akamrudishia karatasi. "Nenda umfungulie."

Jamaldini alitoka barazani na funguo mkononi, akasimama. Uwanjani, chini ya bendera, walikuwa wamepangana wanaume wanane. Walivaa nguo za ibada, wengine makoti ya kanisani yaliyowabana mabega, wengine kanzu na kofia safi. Viganja vyao vilikuwa vigumu kama magome. Mmoja, mwenye kovu shavuni, akavua kofia.

"Wewe ndiye Sajini?"

"Ndimi."

"Tumesikia mzee anapelekwa kwa hakimu peke yake. Hakuwa peke yake. Tumekuja kuandikwa."

"Nani kawaambia mje?"

"Hakuna mtu," yule mwanamume akasema.

Jamaldini akageuka upande wa dirisha la Inspekta. Lilikuwa wazi. Wakati akitazama, mkono ukatokea ndani, ukalifunga polepole.

"Kesi imefutwa," akawaambia. "Sina cha kuwaandika. Nendeni kazini."

Hawakuondoka. Walisimama vilevile mpaka Jamaldini akamfungulia Anande, naye akatoka akikinga macho na jua, Tabitha, aliyekuja tangu alfajiri, pembeni yake amebeba blanketi lake. Mzee akawaona. Akawapitia mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza mpaka wa nane. Kisha akasema kwa ukali.

"Leo ni Jumatatu. Nani yuko kazini?"

"Hakuna, mzee."

"Na sakafu ataikata nani?"

Hakungoja jibu. Akashika njia ya Themi, naye Tabitha akampa mmoja wao blanketi alibebe, na wale wanane, na nguo zao za ibada, wakafuata nyuma.